Mkono ulifika kwenye bastola kabla sijamtambua mtu. Wenye silaha za vibali, hili ni tatizo la mafunzo au la akili?

#1. Mpangaji wa Goba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya kuvamiwa mara mbili niliomba kumiliki bastola, nikapita njia yote mnayoijua: barua ya serikali ya mtaa, kamati za ulinzi na usalama, alama za vidole, maswali ya polisi, na kusubiri sana. Mafunzo niliyopata yalikuwa ya asubuhi moja. Mzee mmoja alinionyesha namna ya kujaza magazini, kukoki na kulenga, nikafyatua risasi kumi kwenye boksi lililosimamishwa umbali wa mita kumi hivi, saba zikagonga, akanipongeza, tukanywa chai.

Wiki ya tatu tangu nianze kuibeba kiunoni, nilifika nyumbani saa nne usiku, nikasimama mbele ya geti na kupiga honi. Mlinzi alichelewa kama ilivyo kawaida yake. Ghafla mtu akagonga kioo cha upande wangu kwa kitu cha chuma. Nilipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kupandisha shati na kushika kitako cha bastola, na kilichonizuia kuichomoa ni mkanda wa gari uliokuwa umebana juu yake. Aliyegonga alikuwa mtoto wa jirani, yuko kidato cha pili, ameshika funguo zangu za stoo ambazo nilizisahau kibandani kwa mama yake nilipopita kununua vocha. Alikuwa akigonga kioo kwa funguo hizo hizo. Nilimshukuru, nikampa elfu mbili, geti likafunguliwa, nikaegesha, nikabaki ndani ya gari hadi mlinzi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Swali langu ni moja. Mkono ulitangulia macho. Je, hilo linatokana na uchache wa mafunzo, au silaha yenyewe humbadilisha mtu akili anapoibeba? Naomba majibu ya watu waliobeba kwa muda mrefu. Mjadala wa aina gani ni nzuri na inauzwa wapi tuuache kwa leo.

#2. Mgambo Mstaafu

Ni mafunzo, na wala jambo hili halina fumbo. Mkono hufanya kile ulichozoeshwa, na wako umezoeshwa tendo moja tu, kushika. Asubuhi yako ya risasi kumi ilikufundisha kwamba bastola ikishikwa hutolewa, na ikitolewa hufyatuliwa. Hakuna aliyekufundisha kuishika kisha ukaiacha.

Fanya hivi kwa miezi miwili. Toa magazini, koki mara mbili, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na uipapase kwa kidole, kisha risasi zote zipeleke chumba kingine na mlango uufunge. Ndipo ufanye mazoezi ukiwa umevaa nguo zako za kila siku: pandisha shati, shika, ishia hapo, sema kwa sauti "Wewe nani?", rudisha shati. Mara ishirini kila usiku. Katika hizo ishirini, chomoa mara tano tu, na hizo tano kidole kilale kando ya slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, kisiguse triga. Mwili ukishajua kwamba kushika ni kituo na si mwendo, mkono utakusubiri.

#3. Chui wa Tabora

Elfu mbili kwa mtu uliyekaribia kumtoa roho? Mkuu, hata faini ya kuegesha gari vibaya inazidi hapo.

#4. Wakili wa Jioni

Nashukuru mleta uzi kwa kusema ukweli. Naomba niongeze upande wa sheria, kwa sababu wengi wenye vibali huamini kwamba kibali cha kumiliki ni kibali cha kutumia.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaizungumzia haki ya kujilinda kuanzia kifungu cha 18 hadi 18C. Kifungu cha 18B kinakuruhusu kutumia nguvu ya kiasi inayohitajika, basi. Ukizidisha, unawajibika kwa kosa litakalotokana na hiyo ziada, na ukiua kwa kuzidisha nguvu katika kujilinda, kosa lako ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 18C ndicho kinachoeleza ni wakati gani haki hiyo inafika hadi kusababisha kifo, na humo utakuta mambo kama hofu yenye sababu za msingi ya kuuawa au kuumizwa vibaya.

Sasa chukua tukio lako. Mahakama ingeuliza: sababu za msingi zilikuwa zipi? Kugongwa kwa kioo? Kipo pia kifungu cha 11, kinachohusu kukosea kuhusu hali halisi, lakini kosa hilo la kudhani lazima liwe la kweli moyoni na liwe la busara. La kweli moyoni ungelithibitisha. Hilo la busara, mbele ya mzazi wa mtoto aliyekuletea funguo, ningekuonea huruma mimi wakili wako.

#5. Mbeba Mizigo wa Houston

Salaam kutoka Texas. Huku tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bastola bila leseni yoyote, lakini mimi nilichukua leseni, kwa hiyo niliketi darasani saa zinazotakiwa na kufanya mtihani wa risasi 50: ishirini kwa umbali wa karibu mita tatu, ishirini kwa mita sita na nusu, kumi kwa karibu mita kumi na nne. Anayepata asilimia 70 amefaulu. Kwa maneno mengine, hata huku kwenye sifa zote hizo, mtihani hauko mbali sana na boksi la yule mzee wako.

Kilichonisaidia mimi ni rangi za Jeff Cooper, yule mwalimu wa bastola wa Marekani. Nyeupe hakuna hatari, njano hatari ndogo, chungwa hatari kubwa, nyekundu ni vita. Kwenye geti saa nne usiku ulipaswa kuwa kwenye chungwa. Pia kuna kanuni ya futi 21: mtu mwenye kisu akiwa ndani ya umbali huo, una haki ya kufyatua.

#6. Mwalimu wa Kiambu

Hamjambo wote. Mimi ni Mkenya, nafundisha kulenga shabaha, na namba 5 amenilazimisha kuandika kwa sababu makosa hayo mawili nayasikia kila Jumamosi.

La kwanza, rangi za Cooper hazipimi hatari. Zinapima akili yako wewe. Nyeupe maana yake hujui kinachoendelea karibu nawe, hata kama simba amelala miguuni pako. Njano ni utulivu wenye macho: unajua nani yuko nyuma, mlango uko wapi, gari lile limesimama tangu lini. Chungwa ni pale unapokuwa na kitu mahususi unachokitilia shaka na unakiuliza maswali. Nyekundu ni pale ambapo umeshaamua kwamba mtu huyu akifanya jambo fulani utapambana naye. Mtu mwenye nidhamu anaweza kuishi kwenye njano siku nzima bila kuchoka. Hakuna anayeweza kuishi kwenye chungwa kila anapofika getini kwake, na akijaribu, ataishia kumpiga risasi mwuza maziwa.

La pili, hiyo "kanuni" ya futi 21 haikuwa kanuni. Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, aliandika makala mwaka 1983 baada ya kupima jambo dogo: mtu anayekimbia hufika kwako kutoka umbali wa futi 21, yaani mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, ambao ndio muda ambao polisi aliyefunzwa anahitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Funzo lake lilikuwa la kukuonya kwamba mtu aliye karibu hivyo ni wa kukimbiwa au wa kuwekewa kizuizi katikati, gari, meza, ukuta. Waliolisoma kwa haraka wakaligeuza kuwa ruhusa.

Kwa mleta uzi: nadhani ulikuwa kwenye nyeupe ukingoja mlinzi, labda unatazama simu, ukaruka hadi nyekundu bila kupita katikati. Tatizo si mkono. Tatizo ni dakika moja kabla ya mkono.

#7. Mpangaji wa Goba

Mwalimu, ahsante. Simu nilikuwa nayo, sikatai. Nilikuwa namwandikia mlinzi ujumbe.

#8. Chui wa Tabora

Mlinzi wa kuamshwa kwa meseji! Huyo ndiye wa kunyang'anywa kibali kwanza.

#9. Mama Kunduchi

Habari zenu. Nimebeba miaka sita, na napenda kuongea kwa niaba yetu sisi ambao nguo zetu hazikushonwa kwa ajili ya bastola.

Mwanzoni niliiweka kwenye pochi. Mwaliko wa harusi, benki, sokoni, kila mahali pochi na mimi. Siku moja niko kituoni nasubiri gari, pikipiki ikapita na pochi ya dada aliyesimama mbele yangu ikaondoka nayo, kamba imekatika, yeye yuko chini goti linatoka damu. Ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu. Nilisimama pale nikiikumbatia yangu, nikajiambia kwamba ningekuwa nimesimama alipo yeye, jioni ile kungekuwa na bastola moja zaidi mikononi mwa vibaka wa Dar es Salaam, yenye jina langu kwenye daftari la polisi. Tangu siku hiyo iko mwilini, kwenye holsta (mfuko wa bastola) ngumu inayofunika triga yote, na nguo nimemwambia fundi aniachie nafasi upande wa kulia. Fundi anadhani nina kibiongo cha nyonga.

Kuhusu swali: naona mnaongea kama vile kila mtu anaogopa kwa namna moja. Mwanamke anayetembea peke yake usiku amekuwa kwenye hiyo njano yenu tangu akiwa na miaka kumi na miwili, bila bastola na bila Cooper. Kilicho kipya kwa kaka yetu wa Goba ni kwamba kwa mara ya kwanza maishani anaogopa akiwa na kitu cha kufanya.

#10. Mbeba Mizigo wa Houston

Nimekubali marekebisho ya namba 6, nilifundishwa nusu. Kwa Mama Kunduchi, umesema jambo kubwa kuhusu pochi. Tarehe 30 Desemba 2014, katika duka kubwa la mji wa Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili aliyekuwa ameketi kwenye toroli la ununuzi aliingiza mkono kwenye mkoba wa mama yake na kumpiga risasi akafa. Mama huyo alikuwa na kibali cha kubeba.

#11. Daktari wa Zamu

Nimesoma namba 2 na namba 6, na nina mashaka na wote wawili kwa heshima zote.

Sauti ya ghafla ya chuma kwenye kioo huufikia ubongo kwa njia zaidi ya moja. Sehemu inayoshughulikia hofu huanza kuuamrisha mwili kabla sehemu inayotambua sura na maana haijamaliza kazi yake. Adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, macho yanabana kana kwamba unatazama kupitia bomba, masikio yanaweza kuziba, na vidole vinapoteza ufundi wa mambo madogo madogo. Hayo hayaondoki kwa kusema "Wewe nani?" mara ishirini chumbani ukiwa umetulia. Ripoti ya taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ya mwaka 2008 kuhusu polisi wa jiji la New York ilionyesha kwamba kati ya 1998 na 2006, katika matukio ya kurushiana risasi, ni asilimia 18 ya risasi za polisi zilizompata mlengwa. Pale ambapo mtuhumiwa hakurusha risasi, asilimia 30. Hao ni watu wanaolipwa kufanya kazi hiyo na wanaopimwa shabaha kila mwaka.

Sasa mjiulize zile nyingine zilikwenda wapi. Risasi ya milimita 9 haisimamishwi na bati, wala na mbao za dari. Mitaa yetu mingi, nyuma ya jambazi kuna chumba cha mtu.

Mimi nauliza jambo la kawaida kabisa: siku hiyo uliamka saa ngapi, na ulikula saa ngapi?

#12. Mpangaji wa Goba

Niliamka saa kumi alfajiri kwenda kupokea saruji. Nilikula chapati mbili saa nne asubuhi.

#13. Daktari wa Zamu

Basi ulikuwa na saa kumi na nane bila usingizi, na kumi na mbili bila chakula. Mtu wa hali hiyo mimi simwamini hata na usukani.

#14. Mgambo Mstaafu

Daktari, takwimu zako nazikubali, ila unazisoma upande mmoja. Kama aliyefunzwa anapata asilimia 18, asiyefunzwa atapata ngapi? Hoja yako inadai mafunzo zaidi. Na mafunzo yenyewe lazima yawe ya kuchosha: kimbia mita mia mbili, panda ngazi, moyo upande, halafu ndipo uchomoe, na kwenye mbao tatu za shabaha mbili ziwe na picha ya mtu aliyeshika simu au mwavuli.

#15. Mzee wa Mikindani

Wanangu, shikamooni nimezipokea kwa wale watakaozitoa.

Mimi nilibeba miaka tisa na nikairudisha polisi kwa hiari yangu, kwa hiyo naomba nisikilizwe kama mtu aliyeujua mwanzo na mwisho. Sikuwahi kuichomoa hata mara moja. Kilichonifanya niirudishe kilitokea kwenye foleni ya mafuta. Kijana mmoja alichomeka gari lake mbele yangu. Maisha yangu yote mimi ni mtu wa kupiga honi moja na kunyamaza. Siku ile nilijikuta nimefungua mlango na nimesimama nje, nimeweka mkono kiunoni, nikimwambia maneno ambayo sikuyajua kama ninayo. Mkono haukugusa bastola. Uzito wake tu ulikuwa unanigusa mimi. Yule kijana aliniangalia, akaangalia shati langu lilivyotuna, akarudi nyuma pole pole na gari lake. Watu kwenye foleni wakacheka wakidhani mzee ana ukali wa asili. Mimi nikajua kwamba nimemtisha mtu kwa silaha, na sheria ingeniuliza ningejibu nini?

Usiku ule nilihesabu ugomvi wote niliowahi kuingia ndani ya miaka tisa, nikalinganisha na miaka tisa ya kabla yake. Siwaambii hesabu. Kesho yake asubuhi nilikwenda kituoni.

Mafunzo nilikuwa nayo, nilipita JKT enzi ambazo JKT ilikuwa JKT. Ndiyo maana nasema ni silaha yenyewe.

#16. Mgambo Mstaafu

Shikamoo mzee. Kwangu mimi imekuwa kinyume. Tangu nianze kubeba nimeacha ubishi wa barabarani kabisa, kwa sababu kila ugomvi ninaouingia tayari una bastola ndani yake, nayo ni yangu. Mtu akinitukana namwomba radhi mimi. Mke wangu anasema laiti ningeipata mapema.

#17. Mama Kunduchi

Kwa hiyo wanaume wawili, bastola mbili, mmoja kawa mkali na mwingine kawa mpole. Sasa hapo "silaha yenyewe" imefanya nini, Mzee?

#18. Mzee wa Mikindani

Imefanya kazi ya pombe, mwanangu. Wapo wanaolia na wapo wanaopigana. Lakini wote wamekunywa.

#19. Kijana wa South B

Wazee wamenena. Mimi naleta suala la nani atakuona wewe ukiwa umeichomoa.

Tarehe 21 Septemba 2013 pale Westgate, duka kubwa la Nairobi lililovamiwa na magaidi, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuokoa wengine walikuwa raia wenye silaha za leseni pamoja na polisi wachache waliovaa kiraia, kabla vikosi maalumu havijafika. Waliwatoa watu wengi na wanastahili heshima. Lakini hebu wafikirie waliokuwa wamejificha chini ya meza: mtu amevaa jinzi, ameshika bastola, anasema "Njooni huku." Wangemjuaje? Siku hiyo hiyo, askari wa jeshi walipoingia, afisa wa Recce, kikosi maalumu cha polisi wa Kenya, aliuawa kwa risasi za upande wa serikali yenyewe. Watu wenye sare na redio walishindwa kutambuana. Kwenye shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, tarehe 15 Januari 2019, kwa mara nyingine walikuwapo raia wenye leseni waliosaidia, na swali lile lile lilibaki.

Kwa hiyo kwenye mafunzo yoyote ningeuliza kama mwalimu anafundisha namna ya kuirudisha bastola kiunoni upesi, mikono kuonekana mitupu, na maneno ya kuwaambia polisi wanapofika.

#20. Chui wa Tabora

Leo naomba niongee bila utani. Huku kwetu polisi hawafiki kwanza. Wanaofika kwanza ni wananchi wenye hasira kali. Ukichomoa bastola Kariakoo saa sita mchana, hata kama aliyekushambulia amelala chini na kisu mkononi, yupo mtu mmoja ghorofani aliyechungulia dirishani baada ya mlio, akaona mtu kasimama na bastola na mtu kalala chini. Atapiga kelele neno moja, "Jambazi!", na kibali chako kiko mfukoni ambako hakuna atakayekisoma.

#21. Mwalimu wa Kiambu

Namba 20 amesema kitu ambacho sijawahi kukiweka kwenye somo langu, na nitakiweka.

#22. Mkazi wa Pretoria

Habari wana jukwaa. Naishi Afrika Kusini, ambako sheria ya silaha namba 60 ya mwaka 2000 inataka upate kwanza cheti cha umahiri, ufanye mtihani, ndipo uombe leseni ya bunduki yenyewe. Kifungu cha 84 kinataka bastola ikibebwa hadharani iwe imefunikwa na iwe chini ya udhibiti wako. Karatasi zote ziko sawa.

Halafu mtazame Oscar Pistorius, yule mwanariadha aliyekimbia kwa miguu ya bandia. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013 alisikia sauti chooni, akafyatua risasi nne kupitia mlango uliofungwa, na nyuma yake alikuwa Reeva Steenkamp, mpenzi wake. Mahakamani alikuja shahidi wa mambo ya silaha, yakasomwa maswali ya mtihani ambayo Pistorius mwenyewe aliyajibu alipoomba leseni, kuhusu lini unaruhusiwa kufyatua na lini huruhusiwi. Majibu aliyajua. Kanuni ya kujua unachokilenga na kilicho nyuma yake aliijua. Alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia.

Kwa hiyo ninyi wa mafunzo na ninyi wa sheria, mnamweka wapi mtu huyu?

#23. Wakili wa Jioni

Rekebisho dogo. Hukumu ya kuua bila kukusudia ilikuwa ya mwaka 2014. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufani iliibadilisha kuwa mauaji, kwa hoja kwamba mtu anayefyatua risasi nne kwenye chumba kidogo kama kile anajua kwamba aliyemo, awe nani, anaweza kufa, naye akaendelea. Mwaka 2017 adhabu ikapandishwa hadi miaka 13 na miezi mitano. Ile "awe nani" ndiyo inayonihusu mimi: haikumsaidia kusema alidhani ni mwizi.

#24. Fundi Geti

Jamani, nimesoma yote haya, Cooper, RAND, Pretoria, na hakuna aliyemwuliza mtu swali la maana. Geti lako lina taa?

#25. Mpangaji wa Goba

Ipo ya ndani. Ya nje iliungua mwezi wa tatu.

#26. Fundi Geti

Nilijua. Umesimama gizani, taa za gari zinamulika geti la bluu linalokurudishia mwanga machoni, pembeni huoni kitu, na kila aliye pembeni anakuona wewe. Mimi nafunga mageti miaka kumi na minne na nawaambia wateja: weka taa mbili, moja usawa wa geti na moja ile nguzo ya kona, weka kengele yenye swichi ya mbali, kata ua wa michongoma ufike kiunoni. Mtu akija unamwona akiwa hatua ishirini. Sijui rangi zenu, lakini ukimwona mtoto wa shule akiwa hatua ishirini ameshika funguo, mkono hauna sababu ya kwenda popote.

#27. Mbeba Mizigo wa Houston

Naomba kuuliza wenye uzoefu, risasi ikae kwenye chemba au isikae? Huku karibu wote tunabeba ikiwa ndani.

#28. Mwalimu wa Kiambu

Mwenye holsta ngumu na mazoezi ya kila wiki, anaweza kuibeba ikiwa ndani. Mwenye mafunzo ya asubuhi moja, aiache chemba tupu, hasa kama bastola yake ni kama Glock ambayo haina loki ya kusukuma kwa kidole gumba. Atapoteza sekunde ya kukoki. Kwa mleta uzi sekunde hiyo ingekuwa rafiki.

#29. Mgambo Mstaafu

Sikubaliani kabisa. Mkono mmoja ukiwa umeshikwa na jambazi utakoki kwa meno? Ila uzi huu si wa chemba, tutafungua mwingine.

#30. Sharifu wa Tanga

Nami nina swali fupi. Wanaovaa kanzu wanaiweka wapi?

#31. Chui wa Tabora

Nyumbani, sharifu. Ndani ya kabati la chuma, na funguo uende nazo msikitini.

#32. Mpangaji wa Goba

Wakuu, ahsanteni. Nimerudi kwa sababu kuna jambo nililiandika vibaya kwenye namba 1 na linanisumbua.

Jana usiku nilikaa kwenye gari pale pale nje ya geti, makusudi, bastola ikiwa kabatini, nikajaribu kulikumbuka tukio hatua kwa hatua. Nikakumbuka kwamba kabla ya kugongwa kioo nilikuwa nimemwona. Kwenye kioo cha pembeni, kwa muda mfupi sana, nilimwona mtu mwenye kofia ya sweta akivuka barabara haraka huku ameinamisha kichwa, ana kitu kinachong'aa mkononi. Nilimwona kisha nikarudisha macho kwenye simu. Kwa hiyo si kweli kwamba mkono ulitangulia macho. Macho yaliona, na nadhani palepale yalishaamua ni nani. Kijana huyo namfahamu tangu akiwa darasa la tatu. Kila Jumamosi ananisaidia kushusha misumari.

#33. Mzee wa Mikindani

Bila bastola ungemwona nani kwenye kioo kile?

#34. Mgambo Mstaafu

Mzee, bila bastola angemwona mtu yule yule, halafu angepiga kelele na kumkanyagia mafuta. Shida ni kwamba aliona kitu cha kutilia shaka akakiacha bila kukiuliza swali. Hilo linafundishika.

#35. Daktari wa Zamu

Ndugu wa Goba, na hili lichukue kwa tahadhari pia. Kumbukumbu ya tukio la hofu hujazwa baadaye, hasa mtu akisoma maelezo thelathini ya watu wengine kwa siku tatu mfululizo. Inawezekana ulimwona. Inawezekana pia kwamba ubongo umekutengenezea mtu mwenye kofia ili mkono wako upate sababu.

#36. Wakili wa Jioni

Mimi nasema tu kwamba namba 32 usingeiandika kama tukio lingekuwa na mwisho mwingine. Ningekuwa nimekushauri ukae kimya tangu namba 1.

#37. Mama Kunduchi

Mtoto mwenyewe umezungumza naye? Alikuona ulivyoshika?

#38. Mpangaji wa Goba

Nimezungumza naye leo. Anasema aliona napapasa kiunoni, akadhani natafuta pochi nimpe hela ya soda.

#39. Fundi Geti

Niko Mbezi, Jumamosi nina nafasi. Nitumie mahali ulipo kwa ujumbe wa siri nije na taa mbili na waya mita thelathini, fundi umeme ninaye. Nikifika jioni nitakugongea.

#40. Chui wa Tabora

Fundi, nakusihi. Piga simu.